Maji ya Kijani ya Mama Kunda

22 Novemba

Mke wangu Wivine aliteleza juzi kwenye ngazi za parokia, akavunjika mfupa wa paja. Daktari amesema asikanyage chini kwa miezi mitatu. Alipozinduka baada ya kupasuliwa hakutaja jina langu, wala la Keren, binti yetu aliyeko Kolwezi. Alisema, "Mahindi."

Kwa hiyo mimi Constantin, mwenye miaka hamsini na sita, mwandishi wa safu inayowaudhi wakubwa wa mji huu kila Jumatano, nimekuwa mkulima wa Annexe, pembezoni mwa mji. Nimeandika makala zisizopungua arobaini nikiwaambia vijana warudi kwenye jembe. Leo nimelishika mimi mwenyewe, na baada ya saa mbili siwezi kukunja vidole.

Wivine amenipa kazi za masika yote, nami nimeziandika kwenye jalada la daftari hili. Novemba, kupanda. Desemba, kupalilia na kuwinda viwavi. Januari, mbolea, kuinulia mahindi udongo, kupandikiza matembele. Februari, maharage. Nilimwambia nimeelewa.

"Mbegu mbili mu kila shimo," akasema. "Haiko tano. Hautafuge kuku."

27 Novemba

Mvua. Mahindi yamechomoza, isipokuwa mstari wa kwanza, ambao niliuzika mno.

Jirani yetu wa shamba ni Mama Kunda, mjane, rafiki wa mke wangu. Ukoo wake ulilima ardhi hii kabla babu yangu hajashuka kwenye gari moshi kutoka Kabalo kuja kuchimba shaba. Anavaa kofia ngumu ya njano ya mgodini, aliyoachiwa na marehemu mumewe, mvua isimpige kichwani. Alinitazama nikichimba upya mashimo ya mstari wa kwanza.

"Papa, unapanda mahindi ao unazika mutu?"

Nina majibu kwa mawaziri. Kwa yule mama nilirudishia udongo nusu ya shimo.

8 Desemba

Viwavi. Wamejificha katika koo la mmea, wanatafuna majani kabla hayajafunguka. Unawatoa kwa kijiti, mmoja mmoja, kisha unatia majivu kidogo. Nilifanya mistari minne.

Nilipoinua mgongo nilimwona Mama Kunda akipanda mteremko kutoka upande wa mto, ndoo ya kumwagilia mkononi, ile yenye mdomo wa matundu. Alianza kunyunyizia lengalenga zake, mboga ambayo wengine huiita mchicha. Maji yalikuwa ya kijani. Yalinuka hadi pale nilipokuwa.

Mto ule naujua. Miaka miwili sasa napigana na karakana moja ya kuosha mawe ya madini, isiyo na kibao, inayomwaga uchafu wake humo. Nimewapelekea wakubwa barua na chupa za maji. Wamenijibu kwa kikombe cha chai. Na rangi ile naijua zaidi. Nimezaliwa katika kambi ya wachimbaji. Babu aliweka dirishani jiwe la kijani kama wengine wanavyoweka sanamu ya Bikira. Katika mji huu mtoto hahitaji kufundishwa kwamba kijani ni shaba.

Sumu ya mtoni, juu ya mboga, mbele ya macho yangu. Nimeandika bila kufuta neno.

10 Desemba

Makala imetoka. Nimeisoma pia kwa sauti na kuirusha kwenye simu, maana watu wa mji huu wana masikio kuliko macho. Sehemu niliyoipenda: "Mama wa kofia ya njano, karibu na daraja la mbao, kila asubuhi anamwaga kifo kwenye lengalenga, na jioni sisi tunakila kwa bukari, ugali wetu." Sikumtaja jina. Mimi ni mtu wa haki.

Kufikia mchana sauti yangu ilikuwa imefika mji wa Likasi na kurudi.

12 Desemba

Mvua mchana kutwa. Hakuna la kuandika.

13 Desemba

Nimerusha sehemu ya pili. Pongezi hazina idadi. Hata watu walionichukia wananiita mzee.

Nimepalilia nusu ya shamba. Mahindi sita nimeyakata pamoja na magugu.

17 Desemba

Nimepita soko dogo la barabara ya Kasapa. Meza za lengalenga na matembele zilikuwa zimejaa saa sita, wakati ambapo kwa kawaida hubaki kamba na majani makavu. Wauzaji walikuwa wamekaa wamejiinamia. Nilijiambia, ukweli una gharama.

20 Desemba

Huguette wa kwaya alikuja kumwona mgonjwa, na katika kumchangamsha akamfungulia sauti yangu kwenye simu. Nilikuwa jikoni. Nilisikia maneno yangu yakipita ukutani na kwa mara ya kwanza nikayasikia kama yanavyosikika kwa mtu mwingine. Wivine aliisikiliza mara mbili. Huguette alipoondoka, aliniita.

"Baba Keren. Tuko mwezi gani?"

"Desemba."

"Muntu gani anamwagilia mboga mu mwezi ya kumi na mbili? Mungu mwenyewe anamwaga kila siku, mupaka tunamwomba apumuzike."

Nilisimama kama mwanafunzi. Kisha alinieleza, polepole, kama anavyowaeleza watoto wa komunyo ya kwanza. Masika mvua inasukuma nguvu yote ya udongo chini, mizizi haiifikii. Mama Kunda anaozesha majani na mavi ya kuku katika pipa lililo nyuma ya kibanda chake, upande wa mto, kwa maji ya mvua kutoka paani. Kila wiki anazinywesha mboga kidogo kidogo. Kijani ni majani. Harufu ni kuku.

"Na ile mto," akasema, "yeye aliiacha miaka tatu sasa. Njo alichimba kisima pale juu, yeye na bwana yake, kipwa mbili nzima, wakati mvua haiko, mbele bwana afe. Alituambia siye wote: musichote kule, inaunguza mizizi. Haukujua?"

"Sikujua," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyostahili.

25 Desemba

Kila Noeli Mama Kunda huleta sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa tayari, na Wivine humpa keki. Keki iliwekwa mezani tangu asubuhi. Jioni, sombe haijaja, Wivine akasema niiondoe.

28 Desemba

Lengalenga zake zimepita wakati bila mnunuzi. Zimetoa mashuke mekundu, shina limekuwa gumu kama kamba. Hata mbuzi angefikiri mara mbili. Alikuwa anazing'oa na kuzifukia katika mtaro, tuta baada ya tuta. Mimi nilikuwa mita ishirini kutoka kwake nikijifanya kutafuta viwavi.

Donat, kiongozi wa chama cha wakulima wa bonde, alikuja na mwavuli. Hakushusha sauti.

"Mama Kunda, bantu banalalamika. Soko yote haiuze juu yako. Tarehe makumi tatu na moja ya mwezi unaokuja tutakaa. Bengi banasema utoke mu chama."

"Na kisima?"

"Kisima iko mu shamba ya chama, mama. Itabaki kwa atakayekuja."

Aliendelea kufukia. Donat aliponiona alinipungia mkono kwa heshima. Nilimpungia mimi pia. Mkono huu.

3 Januari

Nimeandika makala ya kurekebisha. Nimeiita "Ufafanuzi". Nimeeleza mazingira ya kosa, ugumu wa kazi ya mwandishi katika nchi isiyo na maabara ya wananchi, na wajibu wa kutolegea mbele ya wachafuzi. Nilimpa Wivine aisome kabla ya kuituma. Aliisoma akiwa na penseli mkononi.

"Umeandika *mimi* mara makumi tatu na moja," akasema. "Mama Kunda, mara moja. Na pale umesema *mkulima husika*."

Sikuituma.

6 Januari

Mvua. Udongo wa mahindi umeoshwa, mizizi ya juu iko wazi kama vidole vya miguu. Majani yangu ni ya manjano. Ya Mama Kunda, ng'ambo ya mtaro, ni ya kijani kibichi.

9 Januari

Nitaandika sasa kile ambacho sikukiandika tarehe kumi na mbili Desemba.

Mvua haikunyesha mchana kutwa. Ilikatika saa nne, nikaenda shambani. Njia ilikuwa tope tupu, nikazunguka nyuma ya kibanda cha Mama Kunda, penye mawe. Pipa lilikuwa pale, wazi. Ndani, majani yaliyooza na mfuko uliofungwa kwa kamba, umejaa mavi ya kuku; juu yake mfereji wa bati kutoka paani, ukidondosha. Kijani kile kile. Harufu ile ile. Mto ulikuwa hatua hamsini chini, na kati ya pipa na mto majani yalikuwa yamesimama mpaka kiunoni. Hakuna mguu uliokuwa umepita hapo kwa miezi.

Nilielewa yote. Sijawahi kuelewa kitu kwa upesi namna ile. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, pongezi juu ya pongezi. Sehemu ya pili ilikuwa tayari imerekodiwa.

Kifuniko cha pipa kilikuwa chini. Nikakiokota, nikalifunika, kwa adabu, mvua isilizimue. Hilo ndilo jema nililomtendea. Kisha nikarudi nyumbani, nikaandika humu kwamba hakuna la kuandika, na kesho yake nikarusha sehemu ya pili.

Daftari hili halisomwi na mtu. Nimelidanganya hata hili.

10 Januari

Nilimwambia Wivine. Hakulia, hakunigombeza. Alisema, "Usiniambie mimi," akageukia ukuta.

Nikaenda. Mama Kunda alikuwa anapandikiza matembele, anakata mashina yake vipande vya mkono mmoja na kuvilaza kwenye tuta. Nilivua kofia yangu.

"Mama, nimekuja kuomba musamaha. Nilikosa."

"Lini?"

"Mwezi wa Desemba."

"Mi najua ni Desemba. Siku gani?"

Alilaza kipande kingine, akakikandamiza kwa kisigino.

"Ile pipa naachaka wazi mvua ikikatika, ipumue. Siku moja nafika, nakuta imefunikwa muzuri. Na mu tope, alama ya viatu ya mujini. Huku njo ni papa moja tu anavaaka viatu ya namna ile mu shamba." Hakuwa amepandisha sauti. "Nikasema, aksanti Mungu. Papa ameona. Ni muntu wa masomo, atasema. Nikangoja. Kesho yake bananiletea ingine audio."

Nimewahi kutishwa na watu wenye bunduki, nikawajibu. Mbele yake nilikimbilia kalamu.

"Nitaandika," nikasema. "Nitaandika wazi kwamba ilikuwa kosa."

"Usiandike. Ba mama ya soko habasome. Ulisema na kinywa, utasema na kinywa, mbele ya bantu. Na usiseme kosa. Kosa ni ya tarehe kumi. Ile ingine iko na jina yake."

14 Januari

Nimeinulia mistari saba udongo. Mgongo.

19 Januari

Nina sababu ya kunyamaza, na ni sababu nzuri. Ndiyo maana inanitia aibu kuliko zote. Nikisema hadharani kwamba nilidanganya, wenye ile karakana watafungua bia. Kila chupa niliyopeleka, kila barua, itakuwa ya mwongo. Mto ni mchafu kweli! Je, nizike vita ya haki ya watu elfu kwa ajili ya jina la mtu mmoja?

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Ni sentensi ya wale ninaowapiga kila Jumatano. Wao pia kila mara wana watu elfu wa kuwataja wanapomkanyaga mmoja.

24 Januari

Mvua ya mawe. Mstari wa pembeni umelala chini.

Nimewaza mchana kutwa jambo dogo. Kwa miaka miwili nimetafuta shahidi juu ya mto ule, mtu aliyeona kwa macho yake mimea ikiungua. Nimetafuta kule chuoni Kasapa kati ya maprofesa. Shahidi alikuwa ng'ambo ya mtaro wa mke wangu, na nilipomwona nilimfanya mshtakiwa.

31 Januari

Mkutano ulikuwa uani kwa Donat, chini ya turubai, watu kama arobaini. Wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki. Mama Kunda alikaa peke yake. Kofia yake aliipakata mapajani.

Donat alinikaribisha kama mgeni wa heshima. Alidhani nimekuja kushtaki. Nilikuwa nimeandaa ukurasa mmoja. Nilisimama nao, nikaukunja.

"Mama Kunda hakumwaga maji ya mto," nikasema. "Ni mbolea, kutoka pipa lake. Tarehe kumi Desemba nilisema bila kuuliza. Tarehe kumi na mbili nililiona pipa kwa macho yangu. Tarehe kumi na tatu nikasema tena. Nilidanganya."

Mwanamume mmoja, Guelor, anayelima kabichi karibu na daraja, akapiga paja.

"Njo hawa banatufundisha kila Jumatano! Papa wa gazeti, na mto? Nayo ulidanganya?"

"Hapana. Mto ni mbaya kweli."

Walicheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanaomwona mlevi akiapa. Mzee mmoja akasema, "Basi tutachota tu. Kama muongo anasema mbaya, iko muzuri." Wakacheka zaidi. Nilisimama mbele yao na ukweli wangu, ukweli mtupu, wenye chupa na tarehe, na haukuweza kununua hata kimya cha dakika moja.

Ndipo Mama Kunda aliposimama.

"Mucheke, halafu musikilize. Miaka tatu imepita, bwana yangu akiwa bado muzima, nilinywesha chou, kabichi zangu mia mbili, na ile maji. Mu wiki mbili mizizi ilikuwa myeusi kama imepikwa. We Guelor, ulikuwepo. Ulisema ni wadudu. Nani aliona mududu? Musichote kule. Mi sisome gazeti."

Hakuna aliyecheka. Guelor alitazama chini. Yule mzee akauliza kama kisima kinaweza kutosha watu watatu. Maneno yale yale niliyoyapigia kelele miaka miwili, yeye aliyasema kwa pumzi moja, wakaamini.

Donat alikuna kidevu. Alisema maneno yangu ameyasikia, lakini maneno hayauzi mboga. "Tungoje mupaka mwisho wa Februari. Bantu bakirudia kununua kwake, abaki na kisima yake. Bakikataa, chama haiwezi kufa juu ya muntu moja."

Tulipokuwa tunatoka Mama Kunda alisema bila kunitazama, "Kesho kutwa, saa kumi na mbili ya asubui. Utabeba."

2 Februari

Nilibeba. Beseni la lengalenga mpya, kichwani, kutoka Annexe mpaka soko la barabara ya Kasapa. Maji yaliingia shingoni. Malori ya barabara ya Kinsevere yalinirushia tope na dereva mmoja alipiga honi kwa furaha. Mahali pake pa zamani pamechukuliwa. Tulikaa pembeni, karibu na mtaro wa maji machafu.

Mwanamke wa kwanza alisimama, akamtazama Mama Kunda, akaitazama kofia.

"Njo zile za sumu?"

Mama Kunda alinigeukia.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni mimi niliyesema zile maneno. Nilidanganya."

"Kumbe ni we?" Alinipima kutoka viatu hadi kichwa. "Na mvi yote ile?" Akaenda kununua kwa mwingine.

Hatukuuza fungu hata moja.

"Kesho tena," akasema Mama Kunda.

3 Februari

Hatukuuza.

4 Februari

Nilisema "nilidanganya" mara kumi na tisa. Wivine alipouliza, nikamwambia nilihesabu. Akasema kuhesabu pia ni kujisifu. Ni kweli.

7 Februari

Wauzaji wa karibu wamenipa jina: Papa Nilidanganya. Wanalitumia bila ukali. "Papa Nilidanganya, sogeza mwavuli." Mmoja aliniuliza kama ninakodishwa, mumewe naye anahitaji mtu wa kumfundisha lile neno.

Mama Kunda alicheka. Aliponiona nataka kucheka naye, aliacha.

11 Februari

Mafungu matatu. Wanafunzi wa chuo, waliokuwa na njaa kuliko hofu.

Mchana nilipanda maharage kati ya mistari. Wivine alikuja kwa magongo hadi ukingo wa shamba, mara ya kwanza tangu Novemba. Alitazama mahindi yangu ya manjano, akayatazama tena, na akasema maharage angalau nimeyapanda kwa kamba iliyonyooka.

16 Februari

Karibu nusu ya beseni. Mama mmoja alirudi akasema alizipika, watoto wako wazima, na mume wake pia, kwa bahati mbaya.

20 Februari

Sikuitwa kusema lile neno hata mara moja. Niligundua kwamba naliandaa kinywani kila mteja anapokaribia, na kwamba lisipotakiwa nabaki sina kazi.

24 Februari

Saa tatu beseni lilikuwa limebaki na mafungu mawili. Donat alipita na baiskeli, akashuka, akalitazama beseni, akamtazama mama.

"Basi," akasema. "Nitaandika jina yako mu orodha ya kipwa. Kisima ni yako." Akachukua fungu moja kwa ajili ya mke wake, akapanda baiskeli.

Fungu la mwisho alilitaka mwanamke mgeni, mwenye mtoto mgongoni, aliyefika mjini wiki hii. Hakuwa amesikia lolote juu ya yeyote. Alilalamika kwamba fungu ni dogo. Mama Kunda akamwambia macho yake ndiyo makubwa. Walibishana hivyo kwa raha, kama watu wawili wasio na historia, na mwishowe akamwongezea majani machache.

Kisha akakunja gunia, akaligonga beseni liondoke tope, akalibana kwapani. Nilinyoosha mikono nilipokee.

"Iko mwepesi," akasema. "Unaweza kwenda."

Nilisema sawa. Lakini sikwenda. Nilisimama pale kando ya mtaro, mtu mzima mwenye mvi, nikingoja aongeze neno moja, la kunisamehe. Nilikuwa nalijua neno lenyewe; nilikuwa nimelibebea beseni majuma matatu. Mama Kunda alivaa kofia yake, akavuka barabara kati ya malori mawili, na upande wa pili akasimama kuzungumza na muuza chumvi.

Mvua ilianza tena. Nikarudi nyumbani.